Papasi wa Nyumba ya Mama Mkwe

Tarehe 14 Novemba 1951. Tangu asubuhi upepo umevuma kutoka upande wa Rodeshia na vumbi lake jekundu. Mchana mawingu yalikusanyika juu ya Mpemba, yakanguruma kama watu wanaogombea mpaka wa shamba, kisha yakaenda zao bila kutupa hata tone.

Nimekaa mlangoni mwa nyumba mpya. Mama mkwe amekaa mlangoni mwa nyumba yake ya zamani, ng'ambo ya ua, na mkeka wake umekunjwa magotini. Hatujagombana. Mtu akipita njiani atadhani tunapunga upepo tu. Lakini tangu adhuhuri hajanisemesha, na mimi sijui kama nimetenda haki au nimemwonea mzee. Basi nitaandika tangu mwanzo, nione mwenyewe. Nilisoma madarasa manne tu kwenye shule ya misheni, na mengine nayajua kwa kuambiwa. Pale nilipoambiwa nitasema nimeambiwa.

Nina mimba. Baba yake yuko kwenye migodi ya shaba. Ninachotaka ni kimoja: mtoto huyu azaliwe akiwa hai, na baba yake akirudi akute nyumba anayoweza kulala ndani yake pamoja nasi.

Wageni wakifika huku huogopa buibui. Huwaona wale wapana waliojibandika ukutani, wakapiga kelele. Sisi tunawaacha, kwa sababu wanakula mende na hawajamwuma mtu ninayemjua. Yuko mwingine wa kwenye kuni, mdogo, wa rangi ya udongo, ambaye jirani yetu mmoja anasema alimwuma mkononi hadi nyama ikaoza. Kidonda nilikiona, buibui sikumwona, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini mdudu wa kuogopwa hapa kwetu hapigishi mtu kelele wala hakimbii ukutani. Ni papasi. Mchana hukaa ndani ya vumbi la sakafu na kwenye nyufa za ukuta, bapa, wa kijivu, kama kipande cha ngozi kuukuu. Giza likiingia hutoka, huja kwako polepole, na hunyonya bila kukuamsha. Akishiba anafanana na mbegu ya mbono. Asubuhi unaona alama, unajikuna, unaendelea na kazi.

Kwetu Iyula kuna baridi, na papasi sikuwajua. Tulijua funza na kunguni. Nilipoolewa huku, mama mkwe alinipokea vizuri sana, na hilo nataka liandikwe kabla ya mengine. Alinipa nafasi ya kulala karibu na moto, upande ule aliokuwa akilala mwenyewe alipokuwa bibi arusi. Nyumba ilikuwa kubwa, ya udongo, na udongo wake ulikandwa na marehemu baba mkwe kwa miguu yake. Baba mkwe sikumkuta hai, lakini mama mkwe alinionyesha mahali ukutani ambapo vidole vyake vilibaki.

Mwezi haujaisha nikaugua. Homa ilinipanda, kichwa kikaniuma hadi kwenye mizizi ya macho, nikatapika. Kisha ikaniacha ghafla. Nikaamka, nikatwanga, nikateka maji, nikasema nimepona. Ikarudi. Katika ile ya pili nilipoteza mimba changa, ambayo hata mume wangu nilikuwa sijamwambia kwa aibu ya ugeni. Mama mkwe ndiye aliyenihudumia. Aliniogesha kwa mikono yake, akaninywesha uji wa ulezi kwa kibuyu kama mtoto, akazika kilichozikwa, wala hakumtangazia mtu yeyote. Nilipoweza kukaa akanipapasa uso, akasema, "Basi, mwanangu. Sasa nyumba imekujua."

Ndivyo wanavyoamini huku. Nyumba ina papasi wake, na papasi wanawajua watu wao. Mgeni akilala humo ataugua. Akipona ni mwenyeji, hataugua tena, atajikuna tu. Na kweli, miaka yote iliyofuata niliumwa na papasi karibu kila siku na homa ile haikunirudia. Kwa hiyo siwezi kusema walidanganya. Nilijiuliza mara moja tu kwa nini mama mkwe hakunionya, nikajijibu kwamba naye hakuonywa.

Mume wangu alipoandikishwa kwenda migodini, mama yake alifanya jambo ambalo akina mama wa huku humfanyia mwana anayekwenda mbali. Alichota vumbi la sakafu ya nyumba, akaokota papasi wachache kwenye ufa wa mlango, akawatia kwenye kibuyu kidogo pamoja na lile vumbi, akaziba kwa nta akiacha tundu la sindano. Sababu yake ni hii: mtu akikaa mbali miaka mingi bila kuumwa na papasi wa kwao, husahaulika, na siku ya kurudi nyumba itampokea kama mgeni. Basi huko aendako awaachie kila baada ya muda wamwume mkononi, kisha awarudishe. Mume wangu alikipokea kile kibuyu kwa mikono miwili, na mimi nilikuwapo.

Baada ya hapo akaondoka na lori, na miaka ikaanza.

Sijui namna ya kuandika miaka ile. Haikuwa na jambo. Nililima, nilivuna, nilitwanga. Lori la kutoka migodini lilipopita barabarani nilisimamisha mchi bila kutaka. Wakati mwingine waliorudi walituletea salamu: ni mzima, amenenepa, anajua Kibemba kama amezaliwa huko. Nami niliitikia kwamba namshukuru Mungu, kisha nikaenda kisimani kwa njia ndefu. Kuna siku niliwaonea wivu wale papasi wa kibuyuni. Wao walitoka sakafu hii ninayolala, wakaenda naye, na walimgusa. Haya ni mawazo ya mtu aliyelala peke yake mno, lakini nilikuwa nayo, siwezi kuyakana. Nilipoumwa nilikuwa nikijiambia kwamba labda naye kaumwa leo.

Akarudi mwaka huu, kiangazi, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa. Aliteremkia Tunduma akaja kwa miguu, sanduku la bati kichwani na kofia juu ya sanduku. Nilimwona toka mbali. Sikumkimbilia. Nilikaa hapo hapo kwenye kinu hadi alipofika akasema, "We mtu wa Iyula, hata maji ya kunywa hakuna?" Ndipo nikalia.

Kwenye chakula mama yake alimwuliza kama wale aliompa waliishi. Akajibu, waliishi, mayo. Huku mpakani mama ni mayo. Mzee akafurahi, akamwongezea mboga.

Tulilala ndani ya nyumba ile pamoja, kama zamani, na kwa muda mfupi sikuwa na la kumwomba Mungu. Kisha homa ikampanda. Niliijua kabla hajasema neno, kwa namna alivyoshika macho. Ikamwacha. Akavaa suruali yake ya kaki akaenda kusalimia wajomba. Wakacheka naye, wakanywa, akarudi akitetemeka, na safari hii macho yakawa ya manjano na akasema maneno yasiyo na mpango, Kibemba na Kinamwanga pamoja.

Mama mkwe alikaa kichwani kwake akimpangusa jasho. Hakupaza sauti. Alisema, "Wale wangu uliwafanya nini?"

Akajibu. "Niliwatupa, mayo. Mtoni, tulipovuka. Wenzangu kwenye lori walinicheka. Walisema, jamani, huyu anahama na mifugo yake."

Nakiri kwamba nilikaribia kucheka, hata pale. Mama mkwe hakucheka. Alikamua kitambaa, akakirudisha kwenye paji la uso, akasema, "Ulitoka hapa mtoto wangu. Umerudi mgeni wangu." Aliendelea kumpangusa hadi kulipokucha, kwa hiyo asije mtu akasema alimkasirikia kwa moyo wote.

Tulimbeba kwa machela hadi zahanati, wajomba wakipokezana. Dresa, mhudumu wa dawa pale, alimtoboa kidole, akaangalia damu, akasema ni homa ya papasi, akampiga sindano. Mume wangu alipona. Kabla hatujaondoka nilimfuata yule dresa nje nikamwuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli nyumba huwajua watu wake. Alifikiri kidogo, akasema mama mkwe wangu hakukosa yote: mwili uliozoea hujikinga, lakini damu nayo husahau, na kabla haijazoea wapo wanaokufa, watoto zaidi. La pili nililiuliza nikitazama chini, kuhusu mimba ile ya zamani. Akasema, "Huenda."

Huenda. Hakusema ndiyo. Nimejaribu kuwa mwadilifu na neno hili, nisilivute lifike asikolifikisha yeye. Wanawake hupoteza mimba kwa mengi. Lakini tangu siku ile, nikilala kwenye ile sakafu nilikuwa nikisikia jinsi inavyopumua.

Mume wangu alikataa kuingia tena ndani. Alitandika chini ya ghala la ulezi, kwenye zile nguzo, akalala huko na kuku. Majirani walifurahi sana. Mmoja alipita kila asubuhi makusudi, akisimama na jembe lake begani: "Bwana mkubwa wa migodini, kuku wamekuruhusu kuamka?" Mume wangu alimjibu kwamba kuku hawaumi, tofauti na watu wengine. Alicheka, lakini si sana.

Mimi niliambiwa na mama mkwe nibaki ndani. Alisema nyumba isiyo na mke ndani yake hupoa. Nikabaki, sijui kwa heshima au kwa woga. Usiku nilimsikia mume wangu akikohoa kule nje, nami nikakohoa ndani, ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Miaka yote ya migodi nilimtamani mtu aliye mbali mno, na mbali huzoeleka. Sasa nilimtamani mtu aliye nyuma ya ukuta wa udongo, na hilo lilinishinda. Nikaanza kutoka kabla ya mapambazuko kumpelekea maji ya moto ya kunawa, ambayo hakuwa ameyaomba. Zaidi sitaandika. Mimba inajieleza yenyewe.

Mume wangu alipomwambia mama yake kwamba ile nyumba ibomolewe, mama alimwonyesha zile alama za vidole ukutani. "Subiri nife," akasema, "utabomoa ukiwa na nafasi." Naye hakumshinikiza. Akajenga hii, yeye mwenyewe, na mafundi wawili wa tofali. Alipiga kuta lipu laini hata nyuki asingepata pa kushika, akashindilia sakafu akaipaka samadi na majivu, akatengeneza kitanda chenye miguu mirefu. Kisha akatuita sote wawili, mimi na mama yake, akasema hapa kisiingie kitu cha nyumba ya zamani. Si mkeka, si ngozi, si kata ya kubebea mtungi. Hata mafiga aliokota mapya. Mama mkwe alisikiliza akiwa anachambua maharage.

Likizo yake ikaisha akaondoka. Nilimsindikiza hadi barabarani. Alisema, "Nikirudi nataka kulala ndani, mtu wa Iyula." Nikamwambia utalala. Hayo ndiyo niliyoahidi. Lori likashika njia ya Tunduma na vumbi lake likakaa hewani muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Sasa leo.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa natoka kisimani, mtungi kichwani, nikaona kizunguzungu, nikashika mti. Mama mkwe aliniona toka uani kwake. Sikufika ndani vizuri, naye akaja. Alibeba mkeka wake wa kulalia, ngozi yake ya mbuzi, na kigoda. Alisema maneno mazuri. Alisema mimba hii imekuwa nzito, mume yuko mbali, na mwanamke mjamzito hawezi kulala peke yake kwenye nyumba inayonuka lipu. Atakaa nami hadi nijifungue. Atachota maji yeye, mifupa yake ikimruhusu. Na nilitaka aje. Nataka liandikwe: nilitaka sana aje. Usiku nyumba hii ni safi na iko kimya, na sina hata wa kumkoholea.

Lakini nilikuwa nautazama mkeka. Ulikuwa wa miaka, umelaliwa hadi umekuwa mweusi, na kwenye pindo niliona vitu viwili vya kijivu, bapa, vimetulia. Sina hakika walikuwa hai.

Nikapiga magoti kizingitini, kumsalimu na kumzuia kwa pamoja. Nikamwambia karibu, mama, ila mkeka ubaki nje. Nitakusukia mwingine wiki hii, na ngozi tutaipata nyingine.

Akasema, "Mkeka mpya haujui mgongo wangu."

Nikasema utaujua. Akasema yeye ni mzee, hana muda wa kujuana na vitu vipya. Alisema kwa mzaha, na kama ningecheka pale huenda lingepita. Sikucheka. Nilisema, "Mama, nyumba yako ilinijua kwa gharama. Huyu mwache azaliwe kwanza, ndipo ajulikane."

Kisha akasema, "Unasema mimi ndiye niliyemwua yule."

"Sikusema, mama."

"Umesema, mwanangu. Umepiga magoti, lakini umesema."

Sijui hadi sasa kama nilisema au sikusema. Lile neno la dresa lilikuwa kinywani mwangu na labda lilisikika. Mikono ile ndiyo iliyoniogesha. Hakuna mwingine duniani anayejua yule alizikwa wapi. Alizaa wengi mwenyewe kwenye sakafu ile, wengine walikua, wengine hawakukua, kama nyumba zote za huku, na hakuna aliyewahi kumwambia huenda. Lakini sikuondoka kizingitini. Magoti yaliniuma na sikuondoka. Akaokota kigoda chake, akavuka ua, akakaa anakokaa hadi sasa.

Nimeyasoma haya tena. Naona kwamba yeye alikuja kunisaidia na mimi nilimzuia. Naona pia kwamba ningemruhusu leo, kesho ningeendelea kumruhusu, na mume wangu angerudi kulala na kuku. Yote mawili ni kweli, na siwezi kuyapima kwa mzani mmoja. Ngoja nikapike, jua limeshuka.

Nimerudi. Nilipika kwenye mafiga mapya. Chakula kilipoiva nilisimama nacho sijui nikipeleke wapi. Kuingia kwake nikakaa chini sikutaka, kwa sababu ya nguo zangu na papasi wanaopanda nguo. Kumwita aje kwangu nisingethubutu. Basi nikaweka bakuli katikati ya ua, karibu na kinu, nikaweka maji ya kunawa, nikakaa upande wangu. Ugali ukaanza kupoa.

Akaja bila mkeka. Hakunitazama. Akanawa, akakata tonge, akalichovya, akala, akasema chumvi imezidi. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu adhuhuri. Nikamwambia pole, mama. Tukala. Baadaye, akitafuta jiwe kwenye maharage kwa ulimi, alisema ukindu wa kusukia usikatwe hapa karibu, umekauka huu, uende kule bondeni kwenye maji, na uende asubuhi kabla jua halijawa kali, na usiende peke yako na tumbo hilo. Sijui kama alikuwa ananijibu au ananikosoa tu. Nikasema ndiyo, mama. Akaenda kulala kwake.

Leo tumekula ugali wa ulezi na maharage, uani, na yakabaki kidogo.